Masikio ya Mbwa wa Fundi Cherehani

"Mrudishe huyo mbwa, mwenzangu," nilimwambia jirani yangu, fundi cherehani. "Mwizi kabeba pasi yako, naye anamtikisia mkia." Akanijibu na pini zake mdomoni, "Mrudishe kwanza mumeo, anayekoroma mpaka mabati yanahama." Mwanawe fundi ndiye aliyemtuma dereva na mbwa wawili, mama achague mmoja wa kumlinda, maana yeye hana nafasi ya kuja, mwaka wa sita huu. Fundi alimwacha yule mkali, akachukua huyu mwenye masikio mapana kama mabeseni. Sababu nimeiona mwenyewe: gari likinguruma huko mbali, masikio husimama, na fundi hutoa pini mdomoni moja moja, hufunga kilemba upya, hutazama geti. Gari likipita bila kusimama, hurudisha pini.

Siku hiyo, kabla sijamjibu fundi kuhusu mume wangu, masikio yalisimama, pini zikatoka, na geti likafunguka kweli. Mbwa asiyewahi kumbwekea hata mwizi alibweka mpaka povu likamtoka. "Mama, mzuie," alisema bwana mmoja wa suti, "ni mimi." Fundi alimtazama mwanawe, akamtazama mbwa, akaanza kurudisha pini mdomoni, moja moja.