Kiwiko cha Mama Getini Marl Drove

Mama yangu, Hilda Leggott, alilinda geti la reli la Marl Drove kwa miaka ishirini na miwili, na kwenye daftari la reli hayumo. Aliyeandikwa ni baba. Baba aliondoka alfajiri na kundi la mafundi wa njia ya reli, akarudi jioni akinuka lami. Katikati hapo zilipita treni kumi na moja, na kila moja mama aliitokea mbio, aproni kiunoni, mikono ina unga, akavuta yale mageti mazito ya mbao yakaziba barabara, kisha akayarudisha. Nyumba tuliyokaa tulipewa kwa kazi hiyo. Baba alipokufa tuliambiwa tuhame ndani ya mwezi mmoja, kwa sababu mlinzi wa geti amekufa. Mama aliambiwa hayo akiwa amesimama mlangoni, bendera nyekundu mkononi.

Mimi shule niliiacha mapema, nikaenda kufungasha viazi kama nusu ya watu wa Lincolnshire, mkoa wetu huku Uingereza. Ya vitabuni siyajui, ila tawi lile la reli nalijua kama kitanda changu. Ndiyo maana klabu ya mjini kwetu ya wanaounda reli ndogo za mfano ilinikaribisha ilipoanza kulijenga upya juu ya meza, kutoka Wragmoor hadi baharini. Miaka tisa, kila Alhamisi. Nilipepeta majani ya chai yaliyokauka yakawa udongo mweusi wa mashamba yetu. Nilipanda michongoma kwa singa za farasi. Mageti ya Marl Drove niliyakata kwa shaba mwenyewe. Watu wa jarida moja la reli walipokuja kuiona, mwenyekiti wetu, Clive Odling, alisema "tulijenga" mara mbili, na mara zote nyingine "nilijenga". Nilichotaka mimi ni kimoja tu: mama asimame getini kwake.

Nilimchonga, urefu wake pingili ya kidole. Aproni, kitambaa kichwani, soksi moja imeteremka. Clive akavaa miwani.

"Nani huyu?"

"Mlinzi wa geti."

"Bi Lorna, mlinzi alikuwa Percy Leggott. Daftari hili hapa."

"Percy alikuwa mumewe. Hata komeo la geti lile alikuwa halijui."

"Sheria unaijua. Kisicho na karatasi wala picha hakiwekwi."

Ndivyo walivyo wanaklabu wale. Rangi ya mlango wa choo cha stesheni iliwagombanisha miezi mitatu. Basi nikaleta picha. Baba yumo na kofia ya Jumapili na bendera ya mama. Mpiga picha alimwambia mama asogee, aproni yake chafu. Hakusogea vya kutosha; pembeni kabisa kimebaki kiwiko.

Clive alikikagua kwa lenzi. "Kiwiko si mtu."

"Kwani cha nani, cha ng'ombe?"

Wenzake wakaangua kicheko. Yeye hakucheka, lakini kisanamu cha mama hakukiondoa mezani. Nikamtia gundi nikaamini yamekwisha.

Jumamosi ya maonyesho nilifika ukumbini watu wameanza kuingia na chai zao na vipande vya pai ya nguruwe. Getini kwangu pale mezani, mahali pa mama, amesimama mwanamume mdogo wa kuchongwa mwenye masharubu. Baba hakuwahi kufuga hata unywele mdomoni.

"Kamati imeamua," Clive akasema.

"Yuko wapi?"

Akapiga mfuko wa kizibao chake. "Yupo salama. Usituletee mambo ya jikoni hapa, wageni wanaingia."

Sasa, Clive mwenyewe ndiye aliyetaka kila kitu kifanye kazi kama zamani. Geti lisipoziba barabara, ishara ya treni haiinuki, na isipoinuka, umeme haufiki kwenye kipande kile cha reli. Alijisifia hilo kote. Na wenzo wa kuvutia geti ulikuwa mbele yangu, zamu yangu.

Saa nne kamili treni ya Wragmoor ikaja, ikasimama kabla ya geti. Nikakunja mikono.

"Lorna, geti."

"Halina mlinzi."

"Acha utoto, Bi Lorna."

"Si Percy huyo hapo? Mwambie afunge."

Treni ya pili ikakwama stesheni, ya tatu ikakwama nyuma yake. Watu wakasongamana. Bwana mmoja akauliza, pai mdomoni, "Imeharibika?"

"Haijaharibika, bwana. Inamsubiri mama yangu."

Nikamsimulia, kwa sauti, wote wasikie: unga, miaka ishirini na miwili, mwezi mmoja wa kuhama. Bwana yule akaacha kutafuna.

Mtu akapaza sauti, "Isukume kwa kidole, Clive!" Clive aligeuka kama aliyeambiwa ateme mate kanisani. Kusukuma treni kwa mkono mbele ya wageni, kwao, afadhali uvuliwe suruali.

Akaniinamia sikioni. "Naweza kukufukuza klabuni."

"Nifukuze. Ila utanibeba, maana kwa miguu yangu sitoki."

"Hujui unachokiharibu."

"Nakijua. Nimekijenga."

Zilipita dakika kumi na mbili, na Clive alitazama saa katika kila moja. Halafu akaingiza vidole mfukoni. Kwa kibano akamng'oa mwenye masharubu, akamsimamisha mama, uso kuelekea nyumba yetu ndogo ya mezani.

"Mgeuze," nikasema.

"Nini tena?"

"Treni hakuwahi kuipa mgongo. Mgeuze."

Akamgeuza. Gundi ikamnasa kidole. Sikumwambia asante, na sikumsaidia kujinasua. Nilivuta wenzo, mageti yakaziba barabara, ishara ikainuka, na treni ikapita mbele ya mama.