Karoti Ndani ya Mkoba

Fundi cherehani alidhani mkahawa unaungua. Mhudumu aliinua bakuli la kioo lililofunika sahani, moshi mweupe ukamrukia usoni. "Moto jamani!" akapiga ukelele, na kabla hajazuiwa alikwishamwaga bilauri nzima ya maji juu ya chakula. Chumba kilikuwa na viti vinane tu, kwa hiyo wote waliona. Mdogo wake aliyemleta alifunika uso kwa viganja.

"Dada, huo moshi ni sehemu ya chakula."

"Moshi? Basi mimi nikiwasha jiko la mkaa huwa nimeshashiba!"

Mdogo mtu alitaka dada yake apumzike hata mchana mmoja. Miezi minne alikuwa hajatoka nyumbani, tangu mumewe, mwalimu mstaafu, apigwe na kiharusi. Mkono mmoja ulipooza na koo likasahau kumeza. Kila alichopewa kilisagwa kikawa rojo la rangi moja. Sasa wiki ya tatu mzee alikuwa amegoma: kijiko kikija anafumba mdomo na kugeukia ukutani. Daktari hakuficha. Asipokula, hamalizi mwezi.

Likaja yai, kumbe kiini chake ni embe. "Kuku gani huyu?" fundi aliuliza, macho yamemtoka pima. Ikaja karoti, nzima, na majani yake kichwani. Angalau hii naijua, akasema moyoni, akauma.

Meno yakakutana bure. Karoti ilikuwa imesagika ulimini kabla hajaanza kutafuna. Akapigwa na butwaa. Akaonja tena, taratibu, akiibonyeza kwa ulimi kwenye kaakaa. Karoti kweli! Kwa macho ni chakula cha mtu mzima, na mdomoni haina kazi hata kidogo. Akaangaza huku na huku, akaifunga iliyobaki kwenye hanchifu, akaitumbukiza mkobani.

Masikini, mkobani mlikuwa na mkasi na rundo la funguo. Sahani mbili baadaye, matone ya rangi ya chungwa yalikuwa yakidondoka kwenye sakafu nyeupe. Mpishi mwenyewe akaja na kitambaa.

"Mama, chakula changu hukukipenda?"

Aibu ilimshika, akatamani ardhi ipasuke. Mdogo wake alishaanza kuomba radhi. Lakini fundi alifungua mkoba, akaona ile karoti imepondeka na kuwa rojo lilelile la kila siku, na machozi yakamlengalenga.

"Mwanangu, nimeiba. Mume wangu anakufa kwa njaa na chakula kiko mbele yake. Umeitengenezaje hii?"

Mpishi alichuchumaa pale pale, akasikiliza yote. Kisha akampeleka jikoni, akamwonyesha: karoti inachemshwa, inasagwa, inachanganywa na unga wa mwani ili igande, inamiminwa kwenye kibati chenye umbo la karoti. Akampa kibati.

Ya kwanza aliyoipika nyumbani ilipinda. Ya tatu ilisimama vizuri. Muuguzi aliyekuwa akija kumfundisha mzee kumeza akaionja, akaiponda kwa uma, akasema haya, jaribuni, lakini mkalisheni wima.

Mwalimu alipoona karoti kwenye sahani, macho yalimjaa hofu. Alimtazama mkewe kama aliyekuja kummaliza.

"Mimi nikuue? Baada ya kukufulia miaka thelathini na nane?" Fundi akakata kipande, akakiweka kwenye ulimi wake mwenyewe, akaachama amwonyeshe kinavyosagika. "Ona!"

Mzee aliangalia. Akaangalia tena. Mdomo ukafunguka.

Akameza. Yeye, mkewe na muuguzi wakasubiri kikohozi, roho mkononi. Hakikuja. Fundi akachoma kipande cha pili, na mkono mzima wa mwalimu ukainuka juu ya shuka, ukampokonya uma.