Pindo la Kiingereza

Kaka yangu ni fundi cherehani, na Kiingereza chake chote kimetoka kwenye vitabu vya mitindo. Anajua kola, anajua zipu, anajua "hem", yaani pindo la nguo. Akitoka hapo anabahatisha, na hubahatisha bila haya hata kidogo.

Mwezi uliopita binti yake alipata kazi ya uuguzi katika mji mwingine. Mama wa binti alishafariki, wamebaki wawili tu nyumbani. Kaka akasema hapana. Akaombwa tena, akasema hapana kwa sauti ya juu zaidi. Na jibu lilitakiwa Ijumaa.

Jumatano nipo dukani kwake nashona vifungo, simu yangu ikalia. Ujumbe wa binti: "Shangazi, hapa nyumbani nahisi hemmed in. Ongea na baba, tafadhali."

Hicho Kiingereza kilinipita kando. Nikafanya kosa la kumwonyesha mtaalamu.

Kaka akavaa miwani, akasoma, akacheka. "Hem si ni pindo! Sasa hili nalo ni la kutuma mjumbe? Nguo zake nimezikunja mno, zimekuwa fupi. Anaona aibu kuniambia."

"Na hiyo 'nyumbani' inatafuta nini hapo?"

"Kwani nguo zake anaziweka wapi?"

Haya. Fundi ni yeye.

Akafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo hata homa haijawahi kumlazimisha. Nikamfuata nyumbani. Akatoa kabatini sketi tatu na magauni manne ya mwanawe, akafumua mapindo yote kwa wembe, uzi baada ya uzi, taratibu kama anayemvua mtoto soksi akiwa amelala.

Binti alirudi jioni akakuta nguo zimetandazwa kitandani, nyuzi zinaning'inia. Akacheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha kicheko kikakatika.

"Baba, si nguo. Maana yake mtu amezingirwa. Kabanwa huku na huku, hana pa kutokea."

"Nani kakubana?"

Mimi nikaangalia dari, maana jibu lilikuwa limesimama mbele yetu na wembe mkononi.

Kaka akazitazama zile nguo. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia. Mtu anayeweza kupima kiuno cha mteja kwa jicho tu, mtoto wake wa kumzaa hakumwona amebanwa!

"Waandikie leo kuwa unakwenda," akasema. "Usingoje Ijumaa."

Binti akamrukia shingoni. Baba mtu akaunyoosha mkono wenye wembe mbali kabisa, asije akamkata, na kwa ule mwingine akamshikilia.

"Ila ukifika huko," akasema, "mimi niandikie kwa Kiswahili."