Elinipendo na mpagazi aliyefutwa mara mbili

Saa moja na nusu asubuhi mlima uko wazi mpaka juu, lakini Elinipendo Swai ameupa mgongo. Ameketi mbele ya kompyuta katika chumba chake cha kazi huko Njoro, mjini Moshi, na kwenye kioo mlima huohuo unapandwa na mgeni aliyevaa kamera ndogo kifuani. Picha inatikisika kila mgeni anapovuta pumzi.

Mbele ya kamera anapita mpagazi mwenye begi la kijani kichwani. Elinipendo anabonyeza kitufe cha kutuliza mtikisiko. Picha inatulia. Mpagazi hayupo. Pale alipokuwa pamebaki doa la ukungu, kisha jiwe linajichora upya kama vile hapakupita mtu.

"Umeona?" ananiuliza bila kugeuka. "Mimi nimeomba itulize picha tu. Habari ya kumwondoa mtu sijaitaja."

Anarudi nyuma na kuanza kumrejesha kwa mkono, picha moja baada ya nyingine. Sekunde moja ina picha thelathini, na mpagazi huyu anaonekana kwa sekunde tisa. Mpaka saa nne atakuwa amemrudisha mtu mmoja. Katika msafara huu walikuwa kumi na wanne.

Elinipendo ana miaka thelathini na sita. Ni mzaliwa wa Machame, binti wa wakulima wa kahawa na migomba, na kabla ya kazi hii ya kukaa kwenye kiti alikuwa mpagazi mwenyewe. Alibeba mizigo ya wageni kwa miaka sita, mpaka goti la kulia lilipokataa.

"Siku za mwisho nilikuwa nashuka kinyumenyume, kama mtoto anayeshuka kitandani," anasema. "Wenzangu walicheka, na mimi nikacheka. Nyumbani ndipo nilipokaa nikafikiri nitakula nini."

Mgeni mmoja alimwachia kamera iliyopasuka kioo. Kwa kamera hiyo alijifunza kupiga, kisha kukata na kuunga. Sasa ni mwaka wa nane: wageni wakishuka, kampuni za utalii zinamletea kadi za kamera zao, naye anawatengenezea filamu ya dakika sita au saba ya kuondoka nayo. Hulipwa shilingi elfu arobaini kwa filamu. Msimu mzuri alimaliza tatu kwa siku. Siku hizi akimaliza moja anashukuru Mungu.

Kilichobadilika ni programu anayotumia kuhariri. Imetengenezwa ng'ambo na kampuni ambayo yeye huiita "wale watu", na kwa kamera hizi ndogo za kuvaa hakuna nyingine anayoimudu. Agosti mwaka jana kompyuta ilimwambia kwamba limetoka toleo jipya, la haraka zaidi, na kumtaka akubali.

"Nikakubali," anasema. "Nani hukataa kitu cha haraka?"

Toleo hilo lilikuja na mambo mawili yaliyokwishawashwa. La kwanza ni kuondoa "watu wasiohusika" katika picha, na limefungwa pamoja na kutuliza mtikisiko, hivyo huwezi kuzima moja ukabaki na jingine. La pili alilijua siku ya tatu, alipofungua diski anayohifadhia kazi za zamani, ambayo ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta muda wote. Aliikuta nyepesi. Programu ilikuwa imepitia kazi zote zilizokamilika, ikaacha vipande vilivyotumika kwenye filamu, na kufuta vilivyobaki ili kuokoa nafasi.

Miezi kumi na minne ya mlima ilikuwa imekwenda.

"Sikulia," anasema. "Niliona ni mabaki tu, vitu ambavyo mimi mwenyewe nilikwishavikata. Nikasema, basi, nani atakuja kuulizia mabaki?"

Aliyekuja kuulizia ni Flavia Mallya wa Kibosho.

Flavia ana miaka ishirini na saba na ni mjane. Mumewe, Sirili, alikuwa mpagazi. Februari mwaka jana alipanda na msafara wa siku saba, mvua ikawanyeshea siku nne kati ya hizo, akashuka akikohoa. Ilikuwa homa ya mapafu. Wiki tatu baadaye alizikwa katika kihamba, shamba la familia la baba yake, kati ya migomba. Binti yao, Evelyn, alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane.

"Picha yake ninayo moja," anasema Flavia, akiwa ameketi kwenye benchi nje ya nyumba yake, Evelyn akivutavuta kanga yake kutoka nyuma. "Ni ya kitambulisho. Ile kubwa ya msibani ni hiyohiyo, tuliikuza. Ndiyo maana haionekani vizuri."

Septemba familia ilisomesha misa ya kumwombea Sirili. Watu walipokuwa wakila, mpagazi aliyewahi kupanda naye alimwambia Flavia jambo ambalo hakuwa amelisikia: katika safari ile ya mwisho, pale kambi ya Shira, Sirili aliongea mbele ya kamera ya Mzungu. Aliongea sana, na alimtaja mtoto. Filamu za kampuni iliyowapandisha, alimwambia, zinatengenezwa na dada mmoja yuko Njoro.

Kesho yake Flavia alipanda bodaboda hadi mjini, mkungu wa ndizi mapajani. Elinipendo anayakumbuka mazungumzo yao neno kwa neno.

"Dada, samahani kuja bila taarifa. Nimeambiwa mume wangu yuko kwako."

"Mume wako nani, mama?"

"Sirili Mallya. Alipanda mwezi wa pili. Wanasema aliongea pale Shira. Sitaki mambo mengi. Nataka mtoto aje aisikie sauti ya baba yake."

Elinipendo alikumbuka papo hapo. Mgeni alikuwa mzee mmoja mpole, kamera kifuani. Alimwona mpagazi akitabasamu peke yake mvuani, akamwuliza kinachomfurahisha. Mpagazi akajibu kwa dakika nne nzima huku kiongozi wa msafara akimtafsiria.

Akifika hapo katika kunisimulia, Elinipendo anavua miwani na kuiweka juu ya meza.

"Mteja alitaka mawingu, kilele, na pale alipolia akiwa kileleni. Dakika nne za mpagazi hazikai kwenye filamu ya dakika saba," anasema. "Nilimkata Sirili kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Mimi, niliyebeba miaka sita. Kwa hiyo usiandike kwamba mashine ndiyo iliyomfuta. Mashine ilimfuta mara ya pili."

Siku ile hakuwa na ujasiri wa kumwambia Flavia hivyo. Alimwambia asubiri kidogo, atatafuta. Na kweli alitafuta. Alimwandikia yule mgeni mzee, akajibiwa kwa upole kwamba kadi ya kamera ilishasafishwa kwa ajili ya safari nyingine. Mzee aliamini kila kitu kiko salama Moshi. Elinipendo akampelekea diski fundi mmoja wa Arusha anayefufua vitu vilivyofutwa. Fundi alikaa nayo wiki tatu. Alichorudisha ni sekunde kumi na moja, bila sauti.

Flavia aliitwa kuja kuona. Alikaa kwenye kiti cha Elinipendo, na Elinipendo akasimama nyuma yake. Kwenye kioo Sirili alionekana nusu uso, kofia ya sufu imelowa, midomo ikicheza. Flavia akaomba irudiwe. Ikarudiwa mara nyingi, mpaka akaweka kidole kwenye kioo.

"Hapo," alisema. "Hapo anasema Evelyn."

Elinipendo aliijua sehemu ile. Sirili alikuwa anaongelea mahema yaliyolowa. Habari za mtoto zilikuja baadaye, katika dakika ambazo fundi hakuzipata.

Elinipendo hakumsahihisha. Flavia akaondoka na fleshi yenye zile sekunde kumi na moja, akiwa ameifunga kwenye pindo la kanga.

Ukimya huo Elinipendo aliweza kuubeba kwa siku nane. Siku ya tisa alipanda Kibosho, kwenye barabara ambako bodaboda ilizimika mara mbili, na kumweleza Flavia yote: kwamba hapo hasemi Evelyn, kwamba aliyemkata mwanzo ni yeye, na kwamba yaliyobaki hayatarudi.

Nilimwuliza Flavia aliyapokeaje.

"Nilijua hasemi Evelyn," anajibu. "Nimeishi na ule mdomo miaka minne. Nilisema vile kwa sababu nilikuwa nataka iwe hivyo." Anamnyanyua mtoto na kumpakata. "Nikamwambia, wewe dada ndiye uliyemsikia. Basi nisimulie alisema nini."

Elinipendo alijaribu. Lakini kazi yake ni kuangalia saa nyingi za picha kwa siku moja, na dakika zile nne alikuwa amezipeleka mbio, sauti ikiwa nyembamba kama ya ndege. Zaidi ya yale mahema, alikumbuka kimoja: Sirili alisema kwamba akirudi nyumbani mtoto hukimbia kujificha nyuma ya mlango ili baba amtafute, na kwamba yeye humtafuta kwanza jikoni na uvunguni, makusudi, huku anamwona miguu.

"Hilo ni kweli," anasema Flavia. "Lakini hilo nalijua. Nilikuwepo."

Tangu jioni ile Elinipendo alianza kuwaandikia wale watu.

Kampuni ina ukurasa ambapo watumiaji hutoa maoni kuhusu toleo jipya. Unachagua nyota, moja mpaka tano, kisha unaandika. Alitoa nyota moja na kueleza kwa Kiingereza cha kuungaunga mambo mawili: programu iulize kabla ya kufuta, na mtumiaji achague nani abaki katika picha. Jibu lilifika hata kabla hajasimama kwenda kunywa maji. Lilimshukuru kwa maoni yake na kumwambia wanafurahi kuisikia sauti yake.

Akaandika tena. Kwa jumla ameandika mara tisa. Ukurasa huo huwaruhusu watumiaji wengine kuunga mkono hoja, na ya Elinipendo imeungwa mkono na watu sita. Hoja iliyopata maelfu ilikuwa ya kitufe cha muziki, kilichohamishwa kutoka kulia kwenda kushoto. Kitufe hicho kilirudishwa kulia ndani ya wiki mbili.

Mara moja tu alijibiwa na mtu mwenye jina. Mtu huyo alimweleza kwamba programu inafanya kazi kama ilivyokusudiwa, na kwamba kufutwa kwa vipande kulitajwa katika masharti aliyoyakubali. Kisha hoja ikawekewa alama ya kijani. Elinipendo ananionyesha alama hiyo. Maana yake ni kwamba tatizo limetatuliwa.

Mjini nako hakupata wa kumwunga mkono. Godlove, mwenye kampuni ndogo ya utalii iliyokuwa ikimpa kazi nyingi kuliko wengine, aliwahi kubeba mizigo kama yeye. Anasema toleo jipya limemsaidia.

"Mgeni amelipa aje kuona mlima, hakulipa kuona foleni," ananiambia ofisini kwake. "Namheshimu sana dada Eli, amenifundisha mengi. Lakini anakaa siku nzima kumrudisha mtu ambaye mteja hajauliza yuko wapi. Mimi nina ndege inayoondoka kesho na mgeni anataka filamu yake."

Nilimwuliza kama yeye mwenyewe yumo katika picha zozote za wakati alipokuwa mpagazi.

"Hapana," alisema. "Nilikuwa nabeba, ningepigwaje picha?"

Nusu ya kazi zake sasa anawapa watu wanaobonyeza kitufe na kuacha mashine iamue. Elinipendo hamlaumu. Anasema angekuwa na wafanyakazi wa kulipa, huenda angefanya hivyo pia, na hilo ndilo linalomuumiza zaidi.

Hata hivyo ameanza jambo. Kila Jumamosi huenda lango la Machame na simu yake ya zamani, kabla misafara haijapanda, na kuwaomba wapagazi waongee chochote kwa dakika tano. Wengine hukataa wakihisi ni uchuro, mtu kurekodiwa kabla ya kupanda. Waliokubali mpaka sasa ni kumi na tisa. Nakala moja inakwenda nyumbani kwa mhusika, nyingine inabaki kwake, katika diski ambayo haichomekwi kwenye kompyuta yenye programu ile. Anatarajia kufikisha mia moja kabla ya msimu wa Juni, kama goti litamruhusu kusimama pale langoni.

Flavia ameahidi kumpa kitu kwa ajili hiyo, ndizi au mayai. Hajamsamehe, na amemwambia hivyo, lakini anasema kazi ile ifanyike.

Mwezi ujao linatoka toleo jingine, na wale watu wamefungua tena ukurasa wa maoni. Nafasi ni herufi mia tatu. Elinipendo amekwishaandika yake kwenye daftari na ananisomea polepole, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo kanisani:

"Mtu mnayemwita asiyehusika anaitwa Sirili Mallya. Alibeba hema alilolala mwenye kamera. Ana mtoto anayetaka kumsikia. Ulizeni kabla ya kufuta."

Safari hii ameandika kwa Kiswahili. Ninapomwuliza kwa nini, wakati hawatamwelewa, anafunga daftari.

"Kwa Kiingereza nimeandika mara tisa, wakajibu bila kusoma," anasema. "Kwa Kiswahili itabidi wamtafute mtu wa kuwasomea. Na huyo mtu, popote alipo, atakuwa amesoma."