Mjomba Aliyefungua Geti Jeppestown

Barua ya dada yangu Veronika ilinifikia Morogoro siku ya Jumanne, nami niliisoma nikiwa nimesimama. "Kaka, njoo upesi. Lindiwe amepata mchumba, fundi cherehani, Mkongo wa Lubumbashi. Shemeji Themba hataki kusikia. Amesema atawapokea washenga siku moja tu, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Wakikosea, ndoa hakuna. Mtoto halali wala hali."

Sipho, baba yake Lindiwe, alikuja kwetu enzi za mapambano kama mkimbizi wa siasa, akamwoa dada yangu, na nchi yao ilipokombolewa akarudi kwao na mke na mtoto. Sasa ni marehemu, na mwenye sauti nyumbani ni kaka yake, Themba Khumalo. Kwetu Waluguru lakini, mtoto ni wa ukoo wa mama na mjomba ndiye msemaji. Kwa hiyo nililiona jambo hili kuwa jepesi: nitakwenda, nitasema, nitarudi. Nikafungasha kilo kumi za mchele na koti langu la harusi, ambalo vifungo vyake na vitundu vyake havijaonana miaka mingi.

Siku ya nne, mpakani Beitbridge, mlango wa Afrika Kusini, ofisa aliniuliza nakwenda kufanya nini. Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha ualimu kwamba nakwenda kumwoza mtoto wangu.

"Mtoto wako anaishi na nani?"

"Na mama yake."

"Mama yake ni mkeo?"

"La, ni dada yangu."

Akaweka kalamu chini, akawaita wenzake wawili. Niliwafundisha mila za Waluguru kwa nusu saa nzima huku foleni nyuma yangu ikinilaani kwa lugha nyingi. Mwishowe waligonga muhuri, nadhani kwa kuchoka.

Ijumaa jioni, Johannesburg. Veronika alinipokea kituoni tukapita Hillbrow, kwenye maghorofa marefu na wauza nyanya waliojaa kando ya njia. Nilisikia Kiswahili cha Kongo, cha Burundi na cha Nairobi, kila namna isipokuwa changu. Tukafika nyumbani kwao Jeppestown, nyumba ndogo ya matofali iliyobanwa na gereji mbili, yenye geti la chuma. Lindiwe alinikumbatia. Nilimsemesha kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza, na simu ilipolia akaipokea kwa Kizulu. Macho yake yalikuwa mekundu.

Themba, mzee mrefu aliyevaa kofia hata mezani, alinipa mkono na kusema maneno ambayo Veronika alinitafsiria: "Anasema karibu, mgeni."

"Mwambie mimi si mgeni. Mimi ndiye mwenye mtoto."

Veronika alitafsiri kwa neno moja tu. Nina hakika lilikuwa "asante."

Jumamosi, saa mbili asubuhi, Themba aliingia chumba cha nyuma akafunga mlango. Veronika na Lindiwe walikuwa uani wakinyonyoa kuku. Mimi nilibaki jikoni na koti langu, na hapo ndipo nikasikia makelele nje. "Khumalo! Mntungwa! Mbulazi!" Nilichungulia dirishani. Wanaume wawili wenye suti walikuwa wamesimama getini kwenye baridi ya Juni, mmoja akisoma kikaratasi. Nikajua ndio washenga. Nikangoja mtu awafungulie. Dakika kumi, nusu saa, saa nzima, hakuna mtu.

Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka. Marehemu mama yangu angefufuka kunichapa! Nikatoka, nikalifungua geti wazi.

"Karibuni, karibuni sana. Mtusamehe, watu wa humu labda wana masikio mazito."

"Asante, Papa," alisema mkubwa wao, Mzee Kalala, fundi cherehani kama mchumba mwenyewe. "Tuko hapa tangu saa mbili. Miye nilifikiri batatuacha mpaka jioni. Lakini Papa, iko sawa kweli tuingie?"

"Piteni ndani, baba! Chai inapoa."

Niliwakalisha kwenye viti vikubwa, kimoja kikiwa cha Themba, nikawapa chai na maandazi ya mviringo ya huko. Mzee Kalala alikuwa kwenye andazi la tatu Lindiwe alipoingia na kuku mkononi.

"Eish, Mjomba!" akasema, kisha akazungumza Kiswahili kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Umeniua."

Ndipo nikaelezwa. Kwa Wazulu, washenga husimama nje na kuziita sifa za ukoo wa binti, na wenyeji hujifanya viziwi hadi waridhike kwamba mgeni anajua anaingia kwa nani. Kule kungoja ndiko heshima yenyewe. Nami nilikuwa nimewaingiza kama watu waliokuja kusoma mita ya umeme.

Themba alitokea mlangoni. Alikitazama kiti chake, akaitazama chai. Hakupaza sauti, na hilo lilinitisha zaidi. Veronika alitafsiri kwa midomo iliyokauka: "Anasema wameingia nyumba isiyo na mwenyewe. Warudi kwao. Yamekwisha."

Lindiwe alianza kulia. Nami hasira ikanipanda, kwa sababu kosa lilikuwa langu.

"Mwambie hivi, na safari hii usipunguze neno! Ndugu yake, Sipho, alipofika kwetu hakuwa na viatu. Alikuwa mgeni kuliko hawa. Hakuna aliyemsimamisha nje. Mama alimfungulia, akamwekea ugali, na baadaye tukampa binti."

Veronika alitafsiri yote. Nilijua kwa sababu alichukua muda mrefu na sauti yake ilikatika katikati. Themba alivua kofia, akaketi juu ya gunia langu la mchele.

"Alipofika mlangoni kwenu," aliuliza polepole, safari hii kwa Kiingereza, "aliita jina la ukoo gani?"

"Hakuita. Aliomba maji."

"Na sisi tulipeleka nani kuuliza ukoo wa mwanamke huyu?"

Akamgeukia dada yangu. Veronika alikuwa ameishi katika nyumba ile miaka tisa, na siku zote alikuwa "mama wa Tanzania."

Themba akasimama. "Basi na sisi tuliingia vibaya. Wote nje!"

Tukatoka: Mzee Kalala na mwenzake, mimi na koti langu lisilofunga, na Themba mwenyewe. Akalibamiza geti nyuma yetu. Ndani walibaki Veronika na Lindiwe peke yao. Themba aliniuliza kwa mnong'ono, nikamtajia ukoo wetu, naye akapaza sauti ambayo mafundi wa gereji waliacha nyundo kuisikiliza: "Mlali! Binti wa Mlali! Ni Khumalo, tumekuja kuomba!"

Mzee Kalala akadakia kwa Mlali na Mntungwa kwa zamu. Mimi niliita Khumalo hadi nikakauka koo. Niliona pazia likisogea. Dada yangu alikuwa ameketi kwenye kiti cha Themba, akinywa chai, machozi yakimtiririka, na hakuwa na haraka hata kidogo.

"Atatufungulia saa ngapi?" Themba aliniuliza kwa Kiingereza, akipuliza viganja.

"Vumilia, shemeji," nikamwambia. "Hiyo ndiyo heshima."

Alitufungulia baada ya saa nzima. Lindiwe aliolewa Agosti, nami nikapewa kazi ya kulinda geti, likiwa limefungwa kwa kufuli na ufunguo akiwa nao Veronika.

Nilirudi Morogoro nikijua kwamba hodi yetu na ukelele wao vinauliza jambo moja: huyu anajua amefika kwa nani? Nilipofika mlangoni kwangu sikupiga hodi. Nilisimama uani na mizigo yangu nikaita ukoo wa mke wangu, wa baba yake na wa babu yake, majirani wakichungulia.

Nikangoja. Kisha nikasikia sauti ya mke wangu ndani, wala haikuwa karibu na komeo.

"Rudia. Hukumtaja bibi."