Kioo cha Miwani

Rugaibula alipiga picha Bukoba mjini tangu mwaka wa Uhuru. Watu walimjua kwa zile picha ndogo za kadi za chama, lakini mwenyewe alipenda maua. Katika kuzunguka kwangu nimelala kwake mara nyingi, naye hakuchoka kunionyesha: ua la boga, ua la kahawa, waridi, limesogezwa karibu hadi unahesabu nyuzi za ndani.

Kamera yake kwa asili haikuweza kuona karibu. Basi alichukua kioo kimoja cha miwani ya kusomea ya marehemu baba yake, mwinjilisti wa Kilutheri, akawa anakifunga mbele ya kamera kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kikifungwa, cha karibu kinatoka safi na cha mbali kinakuwa ukungu. Na kamera ile ulichungulia kwa kidirisha cha pembeni, kwa hiyo jicho halikuambii kama kioo kipo au hakipo. Ukumbuke mwenyewe.

Mwaka 1974, vijiji vya ujamaa vilipopamba moto, alimjia mjane mmoja wa Muleba, jina lake Kokuhirwa. Kamati ya kijiji chao ilikuwa inapima shamba la pamoja. Shemeji yake Mutalemwa, mjumbe wa kamati, alisema kibanja cha huyu mama kinaishia kwenye migomba. Sasa kaburi la mumewe lilikuwa ng'ambo ya migomba.

"Emilamula ipo, waitu," Kokuhirwa alisema, akimwita kwa neno letu la heshima. "Mitatu. Aliipanda baba mkwe. Kaburi liko ndani yake."

Emilamula ni mimea ya mpaka kwetu Buhaya, na jina lake limetoka kwenye kuamua kesi. Ilipo, ubishi umekwisha.

"Si waje waone?"

"Mkubwa wa wilaya anasema miguu yake haiwezi kufika kila mgomba. Nipeleke ushahidi Jumatatu. Na Mutalemwa ana panga."

Mkanda wa kamera ulikuwa umebakiza picha mbili, na madukani mikanda ilikuwa imeadimika. Wakaondoka.

Juu ya kaburi palikuwa na waridi. Marehemu alikuwa mtunza bustani kwa mapadri wa Rubya, na kijiti cha waridi lile alikitoa huko. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, matone yamekaa kwenye petali.

"Dakika moja tu, mama," Rugaibula akasema.

"Waridi halitoi ushahidi, waitu. Piga mpaka."

"Mpaka nitapiga. Hili nakupa la kuweka ndani."

Akafunga kioo, akalala kifudifudi kwenye matope. Kokuhirwa akacheka, mara ya kwanza siku ile: "Mtu mzima! Unamnong'oneza nini mume wangu?"

Naye akacheka, akapiga, akainuka akijifuta matope. Akarudi nyuma mpaka kaburi na emilamula yote mitatu ikaingia kwenye kidirisha. Akapiga.

Asubuhi iliyofuata emilamula ilikuwa imekatwa, hata mashina yamechimbuliwa.

Rugaibula alisafisha picha Bukoba. Waridi lilitoka na kila tone lake. Picha ya pili ilikuwa ukungu mtupu. Akaishika kamera: kioo kilikuwa bado kimefungwa.

Jumatatu alikwenda Muleba hata hivyo. Mkubwa akaigeuza ile picha juu chini.

"Hii nini?"

"Mpaka, mheshimiwa."

"Moshi huu?"

Watu wakaangua kicheko. Mutalemwa akasimama. "Shemeji, umetuletea mawingu! Tukalime mbinguni?"

"Na ua hili?" mkubwa akauliza, ameshika picha ya kwanza.

"Liko juu ya kaburi," Kokuhirwa akajibu.

"Mama, ua halisemi limeota wapi. Haya hata kwangu yapo."

Rugaibula akasema kosa ni lake, akatoa kioo mfukoni aeleze. Mkubwa akamkatiza: "Mzee, hapa tunapima mashamba, hatupimi macho." Kesi ikaishia hapo. Kokuhirwa alichukua picha ya waridi, akamshukuru kwa safari.

Mwezi uliofuata wilaya ikampa Rugaibula mkanda mpya na barua: akapige picha siku ya kwanza ya kulima shamba la pamoja. Barua za namna hiyo hazikukataliwa.

Kokuhirwa alikuwa kwenye mstari na wenzake. Walipokaribia kaburi, wanawake wakapunguza mwendo. Akawaambia, "Hapa niachieni mimi."

Aling'oa waridi kwa mkono. Kisha akalima, jembe akilipitisha juu juu, kama mtu anayeogopa kuamsha mgonjwa.

"Mpiga picha!" Mutalemwa akapaza sauti. "Mchukue huyo mama, anajituma!"

Rugaibula akapiga. Kokuhirwa hakuinua uso. Alimaliza kipande chake, akakung'uta udongo kwenye jembe, akahamia mstari mwingine.