Dawa ya Safari Bila Safari

Tembe ikichomoka kwenye karatasi yake ya fedha hutoa mlio mdogo, tak, na mlio huo hunichosha hadi leo. Juzi hapa Nakuru nilikuwa nikimnunulia binti yangu dawa ya kuzuia kutapika safarini. Muuza dawa akachomoa moja kunionyesha pa kuikatia, akaniambia nimpe kabla hatujaondoka, nisiongeze nyingine hata akilia, na nisiitumie kamwe kumlaza mtoto. Niliitikia tu. Hilo la mwisho nililijua kitambo.

Tuliishi mtaa wa Karagita, chumba kimoja cha kupanga: mama, mimi, na mdogo wangu Kimani, ambaye hakuwa amefika miaka miwili. Mama alifanya kazi kwenye shamba la waridi. Dawa yenyewe iliingia kwetu kwa heshima zake. Barabara ya kwenda kwa cucu, nyanya yetu, kule Ndabibi, ilikuwa mashimo matupu, nami nilikuwa mtoto wa kutapika hata kabla gari halijang'oa nanga. Mama akaninunulia. Sikutapika. Nililala njia nzima, nikalala kwa cucu pia, nikaamka jioni mdomo umekauka kama niliyebugia unga. Cucu alicheka, akasema huyo mgeni ameleta usingizi badala ya sukari. Mama hakucheka.

Likizo ya Aprili kazi ilizidi shambani, na mama akawa anatoka kukiwa bado giza. Mimi, wa miaka minane, niliachiwa Kimani, ambaye alikuwa akiota magego. Siku moja aliamka mzito, akawa anasinzia na kulia kwa zamu. Nje wenzangu walikuwa wakicheza blada, wakiruka kamba ya mpira. Nilikuwa nimechoka, jamani, kuchoka kwa mtu mzima. Nikakumbuka nilivyolala safarini, nikasaga tembe nzima, nikaitia kwenye uji wake. Alipolala, nikatoka kucheza.

Niliporudi, uso wake ulikuwa mwekundu na wa moto, midomo mikavu, macho wazi lakini hanioni. Nikamwita jirani yetu, Mama Njoki. Alimbeba mgongoni mbio hadi kliniki, nami nyuma yake, na mama, alipopelekewa habari shambani, akatukuta huko akiwa bado na gambuti za kazi. Daktari akauliza mtoto amepewa nini. Nilifungua mdomo, lakini mama alinitangulia.

"Ni mimi, daktari. Nilimpa nusu ya dawa ya safari asubuhi, ndio alale. Huyu msichana hajui kitu."

Daktari alishangaa nusu kumlevya hivyo, kisha akamkaripia mbele ya foleni nzima: mtoto mdogo hivi hapewi dawa hiyo bila kuuliza daktari, na si ya usingizi. Mama aliinamisha kichwa. Mimi nikanyamaza. Cucu hupenda kusema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilikaa kwenye benchi nikingoja kuumbuliwa. Kimani aliamka kesho yake akidai chai.

Niliamini mama alidanganya ili kunikinga. Tangu siku hiyo nikawa mtoto mwema kupita kiasi, nafua, napika, sijibizani, na ndani nimechoka kwa aibu.

Mwaka jana tulikuwa tukimenya viazi, Kimani sasa ni mwanamume wa ndevu, mama akasema bila kuulizwa, "Wambui, ile nusu karibu iniulie mtoto. Sijawahi kujisamehe."

Kisu kikanisimama mkononi. Kumbe nusu ilikuwepo kweli. Alimpa alfajiri nikiwa nimelala, ili Kimani asinisumbue, na hakuwahi kujua kuhusu tembe yangu. Hakuwa amenikinga. Alikuwa anaungama, na ukimya wangu ulimnyima daktari ukweli na kumwachia mama kosa lote, miaka zaidi ya ishirini.

"Mum," nikasema, "mimi pia nilimpa. Nzima, kwa uji."

Nikajua sasa nitapata ninachostahili. Akapangusa mikono kwenye leso, akanishika bega.

"Kwa hivyo tulikuwa wawili," akasema. "Na ulikuwa mtoto mdogo hivyo, na hukuwa na mtu wa kumwambia."